Tiba ya makunyanzi isiwe kitanzi cha maskini

NI jambo la kawaida katika masoko ya Nairobi kumpata mchuuzi akinadi krimu ambayo, kwa mujibu wake, hufuta makunyanzi usoni kwa siku chache tu. Bei huwa nafuu, nao wateja hawakosi.

Hata hivyo, baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi na kuzuia uzee huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya aina hiyo mwaka wa 1998. Mnamo 2023, mataifa wanachama wa Mkataba wa Minamata yaliafikiana viondolewe kote kufikia 2025. Lakini marufuku bila ukaguzi ni mlango usio na komeo.

Ukweli ni kwamba, mbali na umri, adui mkuu wa ngozi ni jua. Utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka wa 2013 ulibaini kuwa waliojipaka losheni ya kukinga jua kila siku kwa miaka minne na nusu walikuwa na dalili chache za kuzeeka kwa ngozi, kwa asilimia 24, kuliko waliojipaka walipopenda. Kofia pana na kuacha sigara havihitaji fedha nyingi. Tretinoin, dawa itokanayo na vitamini A, hupunguza mikunjo, ila sharti daktari aiidhinishe na wajawazito waiepuke.

Serikali haina budi kuwaandama waagizaji wakubwa badala ya kuwahangaisha wachuuzi pekee. Nasi wanunuzi tuzingatie walivyosema wahenga: rahisi ghali.