Ndala za babu na viatu vya leza

Wadau, Desemba tulipanda kwetu Msangeni kama ilivyo ada, na mimi nikambebea babu ndala mpya. Zawadi ile ile ya kila mwaka! Safari hii nikamtazama vizuri akitembea: hatua fupi fupi, miguu inaburuta, na akifika mlangoni anaganda kama kagundishwa sakafuni. Majirani wanasema uzee. Wengine wanasema mengine, siyaandiki hapa. Tulipomshusha Moshi daktari akasema ni Parkinson.

Babu hayuko peke yake. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoa wetu huu huu, walikuta wagonjwa 33 katika watu zaidi ya 160,000. Karibu wanne kati ya kila watano hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Matokeo hayo yalitoka 2008.

Nikaingia mtandaoni, nikakutana na viatu vya leza vilivyojaribiwa Uholanzi. Kiatu cha mguu mmoja kinachora mstari wa mwanga sakafuni, mgonjwa anauvuka kwa mguu wa pili. Majaribio yaliyotangazwa 2017 yalionyesha kuganda kunapungua. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe hupata pa kushikia ukipewa alama ya nje.

Safi sana. Ila leza kwenye jua la saa sita, kwenye vile vinjia vyetu vya mawe? Mnanichekesha. Mstari ni mstari hata ukichorwa kwa chaki. Hata mdundo unasaidia: utafiti wa Hai uliochapishwa 2010 uliwafundisha wagonjwa kutembea wakifuata mdundo, na mwendo wao ukawa bora ingawa walikuwa hawajaanza dawa.

Tatizo la kwanza ni sisi tunaotoka mjini na ndala. Ndala unaishika kwa vidole, na mtu anayeburuta miguu ataanguka nayo tu. Anahitaji kiatu kinachofunika kisigino, kinachokaza kwa kamba au velkro, soli bapa isiyoteleza. Isiwe raba inayonata sana pia, itamkwamisha. Na dawa iko palepale, kiatu hakichukui nafasi yake. Kwa bei ya simu tunazobadilisha kila mara, kiatu cha namna hiyo kinatushinda kweli?

Mlangoni kwa babu nimebandika mistari mitatu ya utepe mwekundu. Ndala nimerudi nazo Dar, nazivaa mimi.