Sayyid Barghash: Madai Manne na Majibu Yake

Kila Ramadhani, tukishafuturu hapa Toronto, mazungumzo ya wazee wetu wa Unguja na Mombasa humfikia Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Vijana waliozaliwa Scarborough husikiliza, na wanachokisikia ndicho watakachowasimulia wanao. Kwa ajili yao nayajibu madai manne yanayorudiwa kila mwaka.

"Kiti kilikuwa haki yake, Majid akamdhulumu." Baba yao, Sayyid Said, alipofia baharini Oktoba 1856, Barghash alikuwa naye merikebuni. Aliufikisha mwili Unguja usiku, akajaribu kuishika ngome kabla habari hazijaenea, akashindwa. Lakini Majid alikuwa kaka yake, na ndugu yao Thuwaini wa Muscat aliwazidi wote wawili kwa umri. Tena ukoo wao wa Al Busaid haukuwa na sheria ya kumpa kiti kifunguamimba. Alitawala aliyekubaliwa na ukoo na wakubwa wa mji, akaweza kukilinda kiti chake. Barghash alipoasi mwaka 1859, mabaharia wa Kiingereza walimsaidia Majid, na muasi akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, akaitenga Zanzibar na Oman na kuamua Majid ailipe Muscat riali 40,000 kila mwaka. Ndugu walishindwa kupatana, mwenye manowari akawa kadhi wao.

"Alikomesha utumwa kwa hiari yake." Mjumbe wa Uingereza Sir Bartle Frere alipomletea mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa mapema 1873, Barghash aliukataa. Mwaka uliotangulia kimbunga kilikuwa kimeiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na hakutaka kuipoteza na biashara hiyo pia. Alitia sahihi tarehe 5 Juni, baada ya balozi wa Uingereza John Kirk kumtishia kwamba manowari zitakizingira kisiwa. Mkataba ulizuia kusafirisha watumwa baharini na ukafunga masoko yao, likiwemo la Mkunazini. Waliokuwa mashambani walibaki watumwa, na amri ya kuwafungulia njia ya uhuru ikaja 1897. Mkaazi wa Toronto ana mfano wa karibu: sheria ya mwaka 1793, iliyopitishwa chini ya John Graves Simcoe, ilizuia kuingiza watumwa wapya Upper Canada, lakini haikumwacha huru hata mmoja aliyekuwa tayari mtumwa. Tukizisifu sheria hizi, tuwataje na wale ambao hazikuwafikia.

"Maendeleo yote yalikuwa ya Waingereza." Hapa Barghash anadhulumiwa kweli. Bombay, alikohamishiwa kama adhabu, alijionea mji wenye bandari kubwa na majengo ya umma. Aliporudi na kushika utawala alivuta maji ya chemchemi hadi mjini, akajenga hamamu ya Hamamni, akapiga sarafu zake mwenyewe, akanunua meli za moshi, na mwaka 1883 akakamilisha jumba la Beit al-Ajaib. Fedha zilitoka kwenye karafuu na ushuru wa forodha, na jasho la watumwa lilikuwamo. Lakini uamuzi wa kuzitumia hivyo ulikuwa wake.

"Aliwauzia Wajerumani bara." Mwishoni mwa 1884 Mjerumani Karl Peters alikusanya mikataba kwa machifu wa bara bila idhini ya Barghash. Serikali ya Ujerumani ilipoiunga mkono mwaka 1885, Barghash alilalamika kwa Kaiser mwenyewe. Jibu lilikuwa manowari, zilizotia nanga mbele ya jumba lake Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Aliporwa, na Uingereza aliyoitegemea ilikuwa miongoni mwa waporaji.

Kosa lake kubwa halimo katika madai hayo. Mtu aliyeumizwa na kiti kisicho na kanuni ya urithi alikufa Machi 1888 bila kuiacha kanuni hiyo. Mwanawe Khalid aliliteka jumba mwaka 1896, na tarehe 27 Agosti mizinga ya Kiingereza ikamng'oa kwa muda usiofika saa moja. Ilikuwa hadithi ya ngome ya 1856 ikirudi kwa mtoto. Vijana wa Scarborough wakijua hilo, wataelewa kwa nini Zanzibar ilipotea hatua kwa hatua, tangu usiku ule ndugu waliposhindwa kukaa kikao kimoja.