Mawe ya Singidani ni mtaji, tusiyamalize kwa kokoto

MKAZI wa Dar es Salaam akitaka kupunga upepo mwisho wa wiki huenda Coco Beach au huvuka kwenda Kigamboni. Wa Mwanza ana Jiwe la Bismarck, limesimama ndani ya Ziwa Victoria. Sisi wa Ihanja, wilayani Ikungi, tukiulizwa ufukwe wetu uko wapi, tunacheka. Tunasema bahari iko mbali, sisi ni watu wa alizeti, mtama na kuku.

Hapo tunajipunja wenyewe. Mji wetu wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai. Kando ya Singidani kuna mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Maji yake ni ya chumvi, na heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, hutua hapo kwa makundi.

Mkulima atauliza, mandhari yananihusu nini wakati gunia langu la alizeti linasubiri dalali? Yanamhusu sana. Mgeni akilala Singida usiku mmoja, lazima ale. Ataagiza kuku wa kienyeji, kwa kuwa sifa za kuku wa Singida alizisikia kabla hajafika. Akiondoka atataka dumu la mafuta ya alizeti na chupa ya asali. Vyote hivyo vinatoka kwetu vijijini.

Tatizo la kwanza ni namna tunavyouza. Kila mtu anauza kuku wake wawili siku aliyobanwa na ada ya shule, kwa bei anayotaka dalali. Mwenye hoteli anahitaji kuku 20 kila Ijumaa, wenye uzito unaolingana. Hakuna kati yetu anayeweza kumhakikishia hilo peke yake.

Tujifunze kwa Zanzibar. Hoteli za kitalii zimejipanga ufukweni, lakini mboga na matunda mengi yanayoliwa humo huvushwa kutoka bara. Hoteli hainunui kwa huruma. Inanunua kwa anayefika kila wiki na mzigo wa kiwango kile kile. Kaya 10 za Ihanja zikiungana, zikachanja kuku dhidi ya kideri kwa tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na kuongeza mashudu ya alizeti yetu kwenye chakula chao, mzigo huo wa Ijumaa unawezekana.

Tatizo la pili ni mawe yenyewe. Watu wanajenga, kokoto zinatakiwa, na anayepasua jiwe ana watoto wa kulisha. Simlaumu. Lakini jiwe lililopasuliwa huuzwa mara moja tu. Likiachwa pale ziwani, linaleta wageni mwaka hadi mwaka, na mjukuu wa mpasuaji atalikuta.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za ziwa dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuyaharibu mazingira yake. Nashauri halmashauri iweke alama zinazoonekana za mita hizo, kisha iwaonyeshe wapasua kokoto vilima vilivyo mbali na maji. Mkoa huu haujapungukiwa mawe.

Ila sheria hiyo isigeuzwe fimbo ya mnyonge. Isiwe mama lishe anafukuzwa leo, kesho mwenye fedha anajenga ukuta pale pale na kuweka geti. Ng'ambo ya mita hizo itengwe sehemu ya wachuuzi, yenye choo na mapipa ya taka, maana ziwa hili halina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hakiendi popote.

Na sisi tusingoje Serikali kwa kila jambo. Mavuno yakiisha, tuchague Jumapili moja twende na watoto Singidani, waone mali yao. Tukitoka hapo tupitie jikoni kwa hoteli mbili tatu za mjini, tuulize wananunua nini, kiasi gani, na kwa nani. Majibu hayo yatatufaa kuliko semina nyingi.