Dizeli ya Kitabuni Haifiki Liuli

Gari jipya la dizeli linapopokelewa katika ofisi ya umma hufuatana na tarakimu moja ambayo watu wa mipango huipenda sana: lita za mafuta kwa kila kilomita 100. Toyota Land Cruiser ya dizeli iliyotolewa mwaka 2021, kwa mfano, iliingia katika soko la Australia ikiwa na tarakimu ya lita 8.9. Ni gari lenye uzito wa tani mbili na nusu hivi kabla halijapakia kitu. Tarakimu hiyo si ya kubuni, maana ilipimwa. Lakini haikupimwa katika njia ya kutoka Liuli kwenda Mbinga, na huko ndiko magari ya namna hiyo yanakotakiwa kufanya kazi.

Yafaa ieleweke jinsi kipimo hicho kinavyofanywa. Gari huwekwa juu ya mashine ya kuzungusha magurudumu, ndani ya chumba chenye joto la wastani. Kwa utaratibu wa zamani wa Ulaya, ambao Australia nayo iliufuata, gari lilizungushwa kwa dakika 20 hivi, sawa na mwendo wa kilomita 11, huku kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Hapakuwa na mlima, wala tope, wala abiria saba na kasha la chanjo. Matokeo yake yalianza kuwashangaza hata wenyewe. Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi lilionyesha kwamba magari mapya ya mwaka 2015 huko Ulaya yalikuwa yakitumia mafuta kwa kiasi cha asilimia 40 zaidi ya ilivyoandikwa. Kuanzia mwaka 2017 Ulaya ikaleta kipimo kipya, kirefu na kikali zaidi. Hata hivyo, mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba magari ya dizeli yaliyoandikishwa mwaka 2021 yalizidi kipimo hicho kipya kwa asilimia 18. Na hizo ni barabara za Ulaya.

Liuli iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay. Uso wa ziwa uko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari, na atokaye huko kwenda Mbinga au Songea hana budi kuipanda milima ya Umatengo, ambayo katika sehemu nyingi hupita mita 1,500. Kupanda huko kuna gharama ambayo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuikadiria. Gari lenye uzito wa tani tatu pamoja na mizigo, likiinuliwa mita 1,000, huhitaji lita mbili na nusu hivi za dizeli kwa kazi ya kuinuka peke yake, kwa kuwa injini hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Wakati wa kuteremka sehemu kubwa ya nguvu hiyo hairudi. Huishia kwenye breki kama joto. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye kilomita 66, imewekwa lami, na wananchi wa Nyasa wana haki ya kuifurahia. Lami hiyo imeondoa tope. Mlima ungalipo.

Ofisi inayopanga bajeti kwa lita 9, wakati gari lake linatumia lita 14, haikosei kwenye karatasi tu. Chukua mfano wa hesabu: safari za kilomita 5,000 hutengewa lita 450. Lita hizo zitakwisha gari likiwa limekwenda kilomita 3,200 hivi. Kilomita 1,800 zilizobaki ni safari za nani? Ni nadra sana kusikia kwamba kikao cha mkubwa kiliahirishwa kwa kukosa dizeli. Kinachoahirishwa ni kliniki ya watoto kijijini, ukaguzi wa shule iliyo mbali, au mama mjamzito aliyetakiwa kupelekwa hospitali kubwa na ambaye ndugu zake sasa wanaambiwa wachange fedha za mafuta.

Liko jambo jingine, la haki. Dereva anaporudi na tangi tupu, huulizwa kwa nini mafuta yamezidi yale ya kitabuni. Dereva mwaminifu hana la kujibu, maana mlima hautoi stakabadhi. Na yule anayenyonya mafuta usiku na kuyauza kwa dumu hujibu kwa ufasaha kwamba barabara ni mbaya. Pasipo kipimo cha kweli, wote wawili wanafanana mbele ya mhasibu. Taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi mafuta yaliyotolewa bila kuandikwa katika vitabu vya safari za magari. Kosa hilo halitatibiwa kwa kuandika tu, ikiwa kinachoandikwa kinalinganishwa na tarakimu ya chumbani Ulaya.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka nje. Tangi lijazwe mpaka juu, kilomita zisomwe, gari liende safari yake ya kawaida na mzigo wake wa kawaida, kisha tangi lijazwe tena katika pampu ile ile. Lita zilizoingia zigawanywe kwa kilomita na kuzidishwa kwa 100. Zoezi hilo lirudiwe mara nne au tano, kiangazi na masika, kwa sababu njia ya udongo iliyoloa hula mafuta kuliko ile iliyokauka. Tarakimu inayoonyeshwa na kompyuta ya gari isitegemewe peke yake. Upepo wa matairi ukaguliwe na chujio la hewa lisafishwe kabla ya kuanza, maana vumbi la mwambao huo si la mchezo.

Taifa hili linaijua bei ya uzembe katika jambo hili. Mafuta yalipopanda bei mara nne hivi kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, mpango mzima wa maendeleo ulitikisika. Mwaka 2022 Serikali ililazimika kutenga shilingi bilioni 100 kwa ajili ya mwezi wa Juni peke yake ili kupunguza makali ya bei. Fedha za namna hiyo hutoka kwa wananchi hao hao wa Liuli, wavuvi na wakulima wa mihogo, ambao wengi wao hawajapata kupanda gari hilo jipya.

Kwa hiyo kila ofisi yenye gari katika Wilaya ya Nyasa iwe na tarakimu yake, ya gari lake na ya njia yake: Liuli hadi Mbamba Bay, Mbamba Bay hadi Mbinga, kupanda mbali na kuteremka mbali. Zibandikwe ukutani, mahali ambapo dereva, mhasibu na mkuu wao wanaweza kuzisoma pamoja, na bajeti ya mwaka ujao iandikwe kutokana nazo. Na gari la kwanza kupimwa liwe lile la mkuu wa ofisi.