Orodha ya Mvinyo Isipimwe kwa Urefu

Wapo wadhanio kwamba mkahawa wa Kiitalia hupimwa kwa wingi wa chupa zilizoorodheshwa. Sikubaliani nao. Mwalimu hasahihishi insha kwa kuhesabu kurasa. Orodha ya mvinyo nayo yafaa ipimwe kwa ukweli wake.

Tutazame jina Montepulciano. Katika mkoa wa Toscana ni mji, na mvinyo wake mashuhuri, Vino Nobile, hutengenezwa hasa kwa zabibu za Sangiovese. Katika mkoa wa Abruzzo, jina lilo hilo ni la aina nyingine ya zabibu. Orodha iandikayo "Montepulciano" pekee, bila mahali, mtengenezaji wala mwaka wa mavuno, imemficha mnunuzi jambo la msingi.

Je, huku ni kushikilia mambo madogo? La hasha! Mwaka wa 1986, watu zaidi ya 20 walifariki nchini Italia kwa kunywa mvinyo uliotiwa methanoli, sumu iuayo na kupofusha. Sheria ya kulinda majina ya mvinyo ilikuwapo tangu 1963, lakini haikuwaokoa.

Mvinyo wa kawaida uletwao mezani kwa jagi si aibu, mradi mwenye mkahawa aweza kutaja shamba ulikotoka. Hapo ndipo nitakapompa alama ya kwanza. Uzuri wa jalada na urefu wa orodha na vingoje zamu yao, kwa maana amwuziaye mtu kinywaji ana deni la kumweleza asili yake.