Mashine ya Kufulia na Milango Minne ya Maradhi Yake

Wiki hii safu yetu inapanda bara, kwa jamaa zetu walioko mitaa ya Eastlands mjini Nairobi: Pumwani na Eastleigh, Buruburu na Umoja, Donholm na Komarock. Wengine walizaliwa huko, wengine walitoka pwani kwa kazi, kwa ndoa au kwa masomo ya watoto. Tunalotaka kulizungumza nao ni mashine ya kufulia nguo, ile inayofunguliwa kifuniko juu.

Mashine hiyo si pambo la nyumba. Kwa mama mwenye watoto wanne na kazi ya mchana, ni siku nzima ya Jumamosi aliyorudishiwa. Aghalabu imenunuliwa kwa fedha za chama zilizosubiriwa zamu kwa miezi, au kwa malipo ya kidogo kidogo dukani. Ikifa mapema, hupotea akiba hiyo yote, na mikono ya mama hurudi kwenye karai. Kwa hivyo hatuna budi kuijua tabia yake kabla haijatushinda.

Kwa tuonavyo, mashine nyingi katika mitaa hii huuguzwa na vitu viingiavyo kutoka nje. Navyo vina milango minne: maji, sabuni, umeme na mzigo wa nguo. Mwenye kuilinda milango hiyo atamwita fundi mara chache, na akimwita atajua la kumwambia.

Mlango wa kwanza: maji

Nairobi hutegemea sana maji ya bwawa la Ndakaini, katika kaunti ya Murang'a, lenye nafasi ya lita bilioni 70. Hata hivyo mji umekua kupita mabomba yake, na mitaa mingi ya Eastlands hupata maji kwa mgao, siku kadhaa tu kwa wiki, pengine usiku wa manane. Bomba lililokaa kavu likirudiwa na maji husukuma mbele yake kutu, mchanga na tope. Uchafu huo hunasa kwenye chujio dogo la wavu lililo nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapoingia. Chujio likiziba, mashine hujaa kwa matone, kisha husimama na kulia. Za LG huandika IE. Za Samsung huandika 4C au 4E. Maana yake ni moja: maji hayafiki.

Basi, siku maji yanaporudi, yafungulie kwanza kwenye ndoo mpaka yatakate, ndipo uiunganishe mashine. Na kila baada ya miezi miwili au mitatu, chomoa plagi, funga bomba, fungua mpira, toa kile chujio taratibu kwa koleo ndogo, ukisugue kwa mswaki wa zamani na kukirudisha. Ni kazi ya dakika kumi.

Kuna pia suala la kimo cha tangi. Kila mita 10 za kimo huyapa maji nguvu ya takriban bar 1, na mashine nyingi hutaka angalau bar 0.3 hadi 0.5 ili vali yake ifanye kazi sawasawa. Kitabu cha mashine kitakueleza. Tangi lililo mita moja tu juu ya bomba halifikishi nguvu hiyo. Anayekaa ghorofa ya juu kabisa, chini ya tangi, ndiye hupata shida zaidi kuliko jirani yake wa chini. Dawa ni kuliinua tangi au kutia pampu ndogo.

Maji yasipokuwapo kabisa, mashine hukubali kujazwa kwa ndoo, kwani hupima kina cha maji kwa msukumo wake wenyewe. Mimina ndani ya pipa polepole, usirushie vitufe, na ukumbuke kwamba itataka maji tena wakati wa kusuuza. Fua moja kamili yaweza kula lita 100 na zaidi, yaani mitungi mitano au sita ya lita 20. Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hilo ni jambo la hesabu. Maji ya kusuuzia ya mwisho yakinge kwenye beseni: yatasafisha sakafu na choo.

Na daima funga bomba la mashine ukimaliza. Mpira uliozeeka huvumilia bomba kavu, kisha hupasuka usiku maji yanaporudi kwa kishindo watu wamelala.

Mlango wa pili: sabuni

Hapa ndipo watu wa pwani huponzwa na mazoea. Maji ya visima vyetu vya Mombasa, Lamu na Malindi yana chumvi na chokaa; sabuni haifanyi povu mpaka uongeze, uongeze tena. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwenye mito ya milima ya Aberdare, nayo ni mepesi; sabuni kidogo tu huumuka. Bibi arusi aliyetoka Kisauni akatia Buruburu kipimo kile kile cha kwao, atalijaza pipa povu mpaka kifunikoni.

Povu likizidi haliongezi usafi. Hulaghai kipimo cha maji, huzuia nguo kusuguana, hulemea pipa wakati wa kukamua, na hubaki kwenye nguo likawawasha watoto ngozi. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, kwani ile ya mikono imetengenezwa ili itoe povu jingi. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Nguo zisipotakata ndipo uongeze. Wataka kujua kama umekuwa ukizidisha? Fua taulo zilizokwisha kufuliwa, bila sabuni yoyote. Povu likitokea, hiyo ni sabuni ya wiki zilizopita.

Mabaki hayo hujipaka nyuma ya pipa, mahali jicho halifiki, yakaota ukungu. Ndiyo harufu ya uvundo inayoshika hata kanzu iliyotoka kufuliwa. Mara moja kwa mwezi izungushe mashine tupu kwa maji ya moto yasiyochemka na kikombe cha siki, au dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa kipimo chake. Chagua moja. Siki na klorini zikichanganywa hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na katika chumba kidogo cha kufulia gesi hiyo haina pa kutokea.

Kila baada ya kufua, toa ule mfuko wa wavu unaonasa manyoya ya nguo, uukung'ute na kuuosha. Acha kifuniko wazi ili pipa likauke. Lakini penye mtoto mdogo usikiache wazi bila mtu mzima kuwapo, wala usiweke kigoda karibu. Mtoto mwenye udadisi huinama kutazama maji, na pipa ni refu kwake.

Mlango wa tatu: umeme

Umeme wetu ni volti 240 kwa jina. Kwa vitendo hupanda na kushuka. Hatari kubwa ni ile dakika unaporudi baada ya kukatika, kwa kuwa huweza kuja kwa nguvu na kuunguza ubao wa umeme ulio ndani, ambao ni miongoni mwa vipuri vya bei ya juu kabisa. Umeme ukikatika, chomoa plagi, usubiri dakika chache baada ya kurudi. Kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mkali huifaa na mashine, mradi uwezo wake uutoshe mzigo wa mashine.

Usiichomeke kwenye waya mwembamba wa kurefushia unaogawana na pasi na birika. Na ukigusa bati la mashine ukahisi mkono unatetemeka, acha papo hapo, zima swichi ya ukutani. Hiyo ni dalili kwamba umeme umevuja na waya wa ardhi haupo au umekatika, jambo linalowezekana katika nyumba za zamani zilizoongezewa vyumba na nyaya mara nyingi. Hapo anahitajika fundi wa umeme aiangalie soketi pamoja na mashine. Mikono yenye maji na bati lenye umeme havikutani mara mbili kwa salama.

Mlango wa nne: mzigo

Kilo 7 zilizoandikwa kwenye mashine ni uzito wa nguo kavu. Jaza kwa kulegeza, lisipite robo tatu ya pipa. Leso, mitandio na mabuibui hujisokota pamoja yakawa kamba moja. Yatie katika mfuko wa wavu, au uyachanganye na nguo fupi. Toa pini za mtandio moja moja. Pini hupenya tundu za pipa, ikakwama kwenye pampu au ikatoboa mpira, na bei ya pini hiyo ndipo inapojulikana.

Usifue msala mmoja mzito au blanketi moja peke yake. Hukaa upande mmoja na kulirusha pipa. Vitu visivyopitisha maji, kama makoti ya mvua na shuka za plastiki za vitanda vya watoto, usivitie kabisa. Hufungia maji ndani, na pipa likishika kasi ya kukamua mzigo huhama ghafla. Mwezi wa Novemba 2016, nchini Marekani, kampuni ya Samsung iliita mashine zake za aina hii zipatazo milioni 2.8 ili zirekebishwe, kwa kuwa mtikisiko wa kukamua uliweza kung'oa sehemu ya juu. Mtikisiko, basi, si wa kupuuzwa.

Hapa linaingia jambo la tahara. Nguo ya mtoto iliyoingiwa na najisi isitupwe pamoja na nguo za sala. Iondolewe najisi kwanza kwa mkono, isuuzwe kwa maji safi ya kutiririka, kisha ndiyo iingie kwenye mashine pamoja na nyingine. Ni salama kwa ibada, na ni salama kwa mashine.

Dalili na dawa zake

*Maji hayatoki.* Tazama mpira wa kumwagia. Mashine isiyo na pampu humwaga kwa mteremko tu, kwa hiyo mpira wake sharti ulale chini. Ukiutundika kwenye sinki, maji hubaki. Yenye pampu huweza kupandisha, lakini hukwama kwa pini, sarafu na soksi. LG huandika OE, Samsung 5C au 5E.

*Inarukaruka ikikamua.* Isimamishe, tandaza nguo upya. Ikirudia, weka bilauri ya maji juu yake ikiwa imezimwa. Maji yakiinama upande, rekebisha miguu mpaka yalingane. UE huashiria mzigo ulioinama. Ikiendelea kugonga na hali imesimama sawa, vyuma vinne vinavyolining'iniza pipa vimechoka.

*Haiwaki kabisa.* Jaribu soketi kwa taa, kisha fyuzi iliyo ndani ya plagi. Kisha hakikisha kifuniko kimefungika vyema.

*Inavuma bila kuzunguka, inanuka kuungua, inasaga kama mawe, au haikomi kujaza maji.* Hapa kazi yako imekwisha. Chomoa plagi, funga bomba, mwite fundi. Usifungue mgongo wa mashine: kuna kipuri kinachohifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa.

Fundi naye apokewe kwa utaratibu. Mwambie dalili na herufi ulizoziona. Kubaliana naye bei ya kutazama na bei ya kutengeneza kabla hajashika bisibisi. Awepo mtu mzima wa nyumba akitazama, na kipuri cha zamani kikitolewa kibaki kwako. Aliyekwambia ubao umeungua hali hujaona chujio likitazamwa, muulize kwanza juu ya chujio.

Neno la mwisho ni juu ya mama fua. Katika nyumba nyingi za Eastlands yeye ndiye huiwasha mashine wakati mwenye nyumba yuko kazini, lakini hakuna aliyemketisha kumfundisha. Ikiharibika, lawama ni zake. Kabla ya kufua tena, simameni naye mbele ya mashine, mwonyesheni kipimo cha sabuni, chujio, bomba la kufungwa na plagi ya kuchomolewa. Wafundisheni vivyo hivyo mabinti na vijana wa kiume wa nyumba, kwani kanzu zao nazo zimo ndani ya pipa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Wiki hii, kabla maji ya mgao hayajarudi, anzeni na lile chujio la nyuma. Wassalaamu alaykum.