Mrudisheni Majini

Kila Jumamosi bahari inapokupwa, kuanzia Watamu na Diani hadi Nungwi na visiwa vilivyo mbele ya Dar es Salaam, jambo moja hurudiwa. Boti hutia nanga kando ya fungu la mchanga. Kijana wa boti huinama, huzamisha mkono kwenye majani ya bahari, huibuka na kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu, na hapo simu zote hutoka mifukoni. Wa kwanza humshika kiganjani, wa pili humweka begani, wa tatu kichwani. Anazungushwa boti nzima huku jua la saa sita likimpiga, na wote wakishapata zamu zao anatupwa majini, aangukie popote, tumbo juu. Jioni picha zinarushwa mtandaoni na maneno ya kupenda asili.

Huko ni kumtesa kiumbe asiyeweza hata kulia. Nimechoka kusikia jambo hili likiitwa utalii, likiitwa mapumziko ya wikendi, na kinachoniuma zaidi, likiitwa upigaji picha.

Mtazameni upande wa chini, ule usioonekana pichani. Kuna mifereji mitano inayokutana mdomoni, na kila mfereji umejaa vimiguu laini visivyohesabika. Ndani ya maji vimiguu hivyo hutembea, hushika chakula na hupumua. Kiti cha pweza hana mapafu, wala hana matamvua ya samaki. Anapumua kwa vimiguu hivyo na kwa ngozi nyororo inayochomoza kati ya vinundu vyake, na vyote hivyo vinataka maji. Hewani unaviona vikipapasa huku na huku, vikitafuta pa kushika, na watu kwenye boti hucheka wakisema anatekenya. Anakosa pumzi, jamani. Mnacheka mbele ya kiumbe anayekosa pumzi.

Bunju hutendewa vibaya zaidi. Samaki huyu akiogopa humeza maji akavimba, ndiyo kinga yake ya mwisho adui anapomfikia. Akitolewa majini humeza hewa, na hewa hiyo humpa taabu kuitoa hata akirudishwa baharini. Nimeona watu wakimtomasa makusudi ili avimbe barabara, ndipo wapige picha. Hofu yake ndiyo wanayoipiga picha, na hawaijui.

Wala msiniambie kosa ni la kijana wa boti. Kijana huyo hana mshahara wa maana. Anaishi kwa bakshishi, na bakshishi hutegemea mgeni ameondoka na nini kwenye simu yake. Akisema tusimguse, abiria wananuna na wiki ijayo wanapanda boti ya jirani. Sisi tunaotoka Nairobi kwa treni ya Ijumaa, sisi tunaovuka kutoka Dar kwa boti ya asubuhi, ndio tuliomfundisha kazi hii. Tangu reli mpya ianze kubeba abiria hadi Mombasa mwaka 2017, safari ya wikendi pwani imekuwa jambo la kawaida kwa watu ambao zamani wangeifikiria Krismasi hadi Krismasi. Naifurahia sana hali hiyo. Bahari ni yetu na tuna haki ya kuiona. Ila tumekuja na haraka ya mtu mwenye siku mbili, na haraka hiyo wanailipa viumbe.

Lipo jambo la haki hapa ambalo halisemwi. Hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani ya mipaka yake uvuvi ni marufuku. Wazee waliokuwa wakivua pale kwa mishipi na madema waliambiwa waende kwingine, na mpaka leo mvuvi akiingia na mshipi wake kutafuta kitoweo hukamatwa. Mgeni wa wikendi, kwa tiketi ya siku moja, anasimama juu ya tumbawe hai akiwa na viatu, anarusha boflo ili samaki wamzunguke kwa ajili ya video, anatoa viumbe majini mmoja baada ya mwingine, na boti nzima inampigia makofi. Kuna matumbawe makubwa ya mviringo ambayo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Soli yako ikivunja kipande cha ukubwa wa kiganja, umevunja kitu kilichoanza kujengwa kabla hujaanza shule. Jamii iliyonyang'anywa kitoweo ili bahari ipone ina haki ya kutuuliza kwa nini tunaruhusiwa kuichezea.

Kizimkazi ndiko hasira yangu inakojaa pomoni. Pomboo wa kusini mwa Unguja zamani walivuliwa wawe chambo cha papa. Watalii walipoanza kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi waliona kwamba pomboo aliye hai analipa kila siku, aliyekufa analipa mara moja. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ilimo Kizimkazi, ikawekwa chini ya hifadhi. Ulikuwa ushindi, na wavuvi wa Kizimkazi wanastahili sifa kwa ushindi huo.

Sasa nenda asubuhi ya wikendi utazame tulivyoufanya. Boti zinatawanyika zikichungulia maji. Pezi la kwanza likichomoza mtu anapiga mbinja, injini zote zinanguruma pamoja, na boti zinakimbilia mbele ya kundi kulikata njia. Nahodha anapaza sauti: rukeni, rukeni sasa! Watu wanaruka na kamera zao mbele ya nyuso za wanyama. Kundi linazama. Boti zinazunguka, zinasubiri, na pezi likionekana tena mbio zinaanza upya. Pomboo hana namna ya kukwepa, kwa sababu lazima arudi juu kuvuta pumzi, nasi tunamvizia pale pale anapokuja kupumua. Mama mwenye mtoto ubavuni anapokimbizwa, mtoto hapati nafasi ya kunyonya. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwa karibu, pomboo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, na muda wanaoutumia kusafiri huzidi mara mbili. Kwa lugha ya kawaida, wanatoroka. Kati ya pomboo wa maji yale wamo wenye nundu mgongoni, jamii iliyoorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka. Miongozo ya kuwakaribia ipo, imeandikwa, manahodha wanaijua. Abiria ndiye anayesema "sogea kidogo, bado sijampata".

Kuna jibu ninalopewa kila nikisema haya: picha huwafanya watu wapende bahari, kwa hiyo madhara kidogo yavumiliwe. Sikubali. Picha hufundisha kile inachoonyesha. Anayemwona kiti cha pweza kichwani mwa rafiki yake hajifunzi chochote kuhusu kiti cha pweza. Anajifunza kwamba akifika pwani, naye atamvaa. Wikendi inayofuata anamwomba nahodha. Nahodha anainama. Hivyo ndivyo desturi mbaya zinavyozaliwa, na kamera ndiyo mkunga wake.

Tazameni kinachotokea usiku kwa kasa. Jike hupanda ufukweni gizani kutaga, kwa kawaida mayai kama 100 katika shimo moja. Akimulikwa kabla hajaanza, hugeuka akarudi baharini na safari yake yote imepotea bure. Miezi miwili hivi baadaye watoto hutoka mchangani na kufuata mwanga, maana tangu enzi na enzi upande wenye mwanga ulikuwa bahari. Kwa hiyo tochi ya simu yako huwageuza nchi kavu, kwenye midomo ya kaa na kunguru. Kumbeba mtoto wa kasa na kumshikilia mpaka kila mtu amalize kupiga ni kumchosha kabla hajaanza kuogelea kilomita za kwanza za maisha yake. Kisiwani Juani, Mafia, wageni hutazama watoto wa kasa wakitoka wakiwa wamesimama pembeni na walinzi wa viota wa kijijini. Hakuna flashi, hakuna kugusa. Wanarudi na picha nzuri kwa mwanga uliopo, na kila kasa amefika majini kwa miguu yake.

Inawezekana, basi. Hili ndilo linalonitia uchungu: picha bora za pwani hii hazihitaji kumgusa mnyama yeyote. Nenda Mida, ng'ambo kidogo ya Watamu, wakati wa kaskazi. Tope lile hujaa ndege waliosafiri kutoka mbali. Wapo vitwitwi waliotoka Siberia. Yupo ndege mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu ndani yake. Ndege hao wote wako Mida kwa kazi moja, kula wanenepe, kwa sababu ifikapo Aprili wengi wao watakuwa angani wakielekea makwao na mafuta ya mwilini ndiyo nauli yao. Anayekimbia topeni akipiga makofi ili kundi liruke apate picha ya mabawa anachoma nauli hiyo. Ndege aliyeondoka bila akiba ya kutosha hafiki.

Anayejua kazi husoma jedwali la maji kabla ya kukata tiketi ya basi. Bamvua huanika tope hadi mbali na ndege hutawanyika huko. Maji yakianza kupanda huwasogeza hatua kwa hatua kuelekea ukingoni. Fika mapema, keti chini, vaa nguo isiyong'aa, nyamaza. Baada ya muda ndege wanakuzoea, na maji yanawaleta wenyewe mpaka lenzi ya kawaida inatosha. Utamwona yule mla kaa akimng'oa kaa kucha moja moja kabla ya kummeza. Hakuna picha ya kufukuza ndege iliyowahi kuonyesha hilo. Asiyetaka kukanyaga tope, ipo njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na kiingilio chake husaidia karo za watoto wa jirani. Jumamosi moja inatosha kwa haya yote.

Na picha iliyopigwa kwa adabu inaweza kufanya kazi ambayo aliyeipiga hakuitarajia. Papa potwe huja karibu na Kilindoni, Mafia, tangu Oktoba hivi hadi Machi. Madoa ya ubavuni mwake, nyuma ya matamvua, hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa picha za madoa hayo, na picha ya mgeni aliyeogelea pembeni kwa utulivu hufaa kama ya mtaalamu. Aliyemshika pezi ili apigwe selfi hana la kumpa mtafiti. Potwe anazama na data inazama naye.

Kwa hiyo nadai, tena bila kuomba radhi. Hoteli za pwani ziondoe kwenye matangazo yao kila picha ya kiumbe aliyetolewa majini. Mashindano ya picha yaikatae kazi ya namna hiyo mlangoni, na wahariri wa magazeti, tukiwemo sisi, tuache kuichapisha. Mamlaka za hifadhi, bara na visiwani, ziweke idadi ya boti zinazoruhusiwa kuwa na kundi moja la pomboo kwa wakati mmoja, na ziwepo majini Jumamosi na Jumapili, siku ambazo uharibifu unafanyika. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kimeonyesha tangu mwaka 1994 kwamba mwamba unaweza kufungwa, wavuvi wa zamani wakafundishwa kuwa walinzi, wageni wakaja kwa idadi ndogo, na bado pakawa na la kuona na la kupiga picha.

Lakini hatuna sababu ya kuingoja mamlaka. Pesa iko mifukoni mwetu. Kabla boti haijang'oa nanga mwambie nahodha mbele ya abiria wote kwamba leo hakuna kutoa kitu majini, hakuna kukimbiza, na bakshishi iko palepale hata tusipomwona pomboo hata mmoja. Akizima injini mbali na kundi, akaliacha lipite lenyewe, mlipe zaidi ya ulivyoahidi, na mlipe hadharani, wenzake wakiona.